Ramani ya njia za neva kuzunguka uvimbe wa ubongo: maswali tunayoulizwa chumba cha MRI

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI. Mara kwa mara napokea fomu ambayo daktari wa upasuaji wa ubongo ameongeza neno moja chini ya ombi la kawaida: "DTI", au "traktografia". Mgonjwa na ndugu zake wamesikia habari ya uvimbe siku chache tu zilizopita, usingizi haujarudi, na sasa wanakutana na neno jingine geni. Haya ndiyo wanayoniuliza. Majibu ni yale ambayo ningempa ndugu yangu wa tumbo moja.

Tulishapiga MRI mwezi uliopita. Kwa nini turudie?

MRI ya kawaida inaonyesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, na kama unanyonya ile dawa tunayochoma kwenye mshipa wa mkono. Haionyeshi nyaya zinazopita pembeni yake. Sehemu nyeupe ya ubongo, ile ya ndani iliyojaa nyuzi zinazounganisha eneo moja na jingine, kwenye picha ya kawaida huonekana rangi moja tu, kama uji uliotulia kwenye bakuli. Kumbe ndani ya uji huo mna njia ya kuinua mkono, njia ya kutamka maneno na njia ya kuona.

DTI, kifupi cha maneno ya Kiingereza "diffusion tensor imaging", ni mpangilio mwingine wa picha kwenye mashine ileile. Unapima nyuzi zimeelekea wapi, kisha kompyuta inachora mistari kufuata vipimo hivyo. Uchoraji huo ndio traktografia. Picha za mwezi uliopita haziwezi kugeuzwa kuwa DTI, kwa sababu vipimo vyenyewe havikuchukuliwa siku ile. Ndiyo maana unarudi.

Mashine inauonaje uzi mwembamba kiasi hicho?

Haiuoni. Uzi mmoja wa neva una unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe moja ya picha ya DTI, tunayoiita vokseli, ina kama milimita 2 kila upande, na ndani yake hukaa nyuzi laki kadhaa. Tunachopima ni maji.

Chukua tita la matete ulimwagie maji. Maji yatakimbia kufuata urefu wa matete. Kukatiza upande yatapata shida. Ubongo nao umejaa maji, na molekuli zake hazitulii hata sekunde moja. Palipo na nyuzi zilizolala pamoja, maji hutembea zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzikata. Mashine inapima mwendo huo kwa mwelekeo mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Hesabu inahitaji angalau mielekeo 6. Hospitali nyingi hupima 30 au 64, na ndiyo maana utasikia ule mgongano wa sauti ukijirudia dakika nzima bila kubadilika. Kila vokseli inapewa namba kati ya 0 na 1. Ikikaribia 0, maji yanatembea kokote yatakako. Ikipanda, maji yana njia.

Mfaransa Denis Le Bihan alitoa picha za kwanza za mwendo wa maji ndani ya ubongo katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Le Bihan huyohuyo walichapisha hesabu inayoitwa tensa, ambayo ndiyo herufi T katika DTI. Mwaka 1999 Susumu Mori na wenzake wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakaonyesha namna ya kuunganisha vokseli moja na inayofuata mpaka upate mstari mzima. Walianza na ubongo wa panya.

Nimeona nyekundu nyingi katikati ya picha. Ni saratani imesambaa?

Hapana, na swali hili naliweka mapema makusudi. Mama mmoja aliipiga picha kioo cha kompyuta yetu kwa simu wakati mwanawe anashuka kitandani. Nilimkuta kwenye korido, mgongo ukutani, ameshatuma picha ile kwenye kundi la familia, na shangazi wa mtoto analia kwenye simu. Wote walikuwa wameona doa kubwa jekundu katikati ya kichwa.

Rangi za DTI hazisemi habari ya ugonjwa. Zinasema mwelekeo. Nyekundu ni nyuzi zinazotoka kushoto kwenda kulia, kijani ni za mbele kwenda nyuma, bluu ni za juu kwenda chini. Ile nyekundu ya katikati ni daraja kubwa linalounganisha nusu mbili za ubongo, na kila mtu mzima aliye na afya analo. Kwa kweli tungependa kuiona. Ikikosekana ndipo tunapoanza kuulizana.

Tafadhali msitumiane picha hizi kabla ya kukaa na daktari. Nasema hivi kwa sababu niliona mama yule alivyotetemeka mikono.

Madaktari wanatafuta njia zipi hasa?

Inategemea uvimbe umekaa wapi. Tatu ndizo zinazoombwa zaidi.

Ya kwanza ni njia ya mwendo. Inaanzia juu ya ubongo, kwenye utepe unaoamrisha viungo, inashuka ikijibana mahali pembamba katikati, na inavuka upande wa pili chini kabisa, karibu na shingo. Kwa hiyo uvimbe wa kulia humlegeza mtu mkono na mguu wa kushoto. Pale inapojibana, jeraha dogo tu laweza kumpoozesha mtu upande mzima.

Ya pili ni njia ya lugha, yenye umbo la upinde. Inaunganisha sehemu ya mbele inayohusika na kutamka na sehemu ya pembeni inayohusika na kuelewa. Kwa watu wengi wanaotumia mkono wa kulia, lugha imekaa upande wa kushoto. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto hali hubadilika mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu tunauliza mgonjwa anaandika kwa mkono gani. Tujibuni kwa ukweli. Wapo waliochapwa utotoni wakahamishiwa mkono wa kulia, na jambo hilo daktari anahitaji kulijua.

Ya tatu ni njia ya kuona. Inatoka katikati ya ubongo kwenda kisogoni, lakini baadhi ya nyuzi zake huzunguka kwanza mbele, ndani ya eneo lililo usawa wa sikio na panja. Daktari akikata hapo bila kujua, mgonjwa hupoteza robo ya juu ya eneo analoliona, kwa macho yote mawili. Anaweza asigundue mpaka ajigonge kichwa kwenye tawi au ashindwe kuona bodaboda inayotokea upande ule.

Uvimbe unazifanya nini nyuzi?

Kuna namna nne zinazotajwa. Unazisukuma zikae pembeni, nzima. Unazijaza maji. Unajipenyeza katikati yake. Au unazikata kabisa.

Tofauti hizi zina uzito. Meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi husukuma tu, na nyuzi zikisukumwa zinaweza kurudi mahali pake uvimbe ukiondolewa. Glioma huota kutoka kwenye ubongo wenyewe, na hupenda kutembea kufuata nyuzi zilezile. Glioma kali huweza hata kuvuka lile daraja jekundu ikatokea nusu ya pili. Hapo nyuzi zinazofanya kazi zimo ndani ya uvimbe, na daktari hawezi kusema "nitaondoa chote" bila kujua anaondoa na nini.

Maji ndiyo yanayotusumbua zaidi sisi wa picha. Kuzunguka uvimbe hujaa maji, na maji hayo hayafuati nyuzi. Yanakwenda huku na huko. Namba ya vokseli inashuka. Kompyuta inaona hakuna njia, inaacha kuchora.

Kwa hiyo picha hii inaweza kukosea?

Ndiyo. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Mstari unaouona kwenye kioo umechorwa na kompyuta kwa kukisia kutoka kwenye mwendo wa maji. Mahali mstari ulipokatika, neva inaweza kuwa ipo na inafanya kazi vizuri. Nimeona picha ya mtu ambaye njia ya mwendo ilikuwa imekatika nusu kwenye picha, na mwenyewe amepanda kitandani bila kushikwa, akanipa mkono wa salamu kwa nguvu zote. Neva zake zilikuwepo. Maji yaliyojaa yalikuwa yameifunika ile ishara.

Sababu ya pili ni makutano. Sehemu kubwa ya sehemu nyeupe ina nyuzi zinazopishana ndani ya vokseli moja, kama barabara mbili zinavyokatana. Hesabu ya tensa inaweza kutoa mwelekeo mmoja tu kwa kila vokseli. Ikikutana na makutano, inatoa wastani usio wa barabara hii wala ile. Tazama njia ya mwendo kwenye picha nyingi za DTI: nyuzi za mguu zinapanda wima, zinaonekana safi. Nyuzi za mkono na za uso zinapinda kwenda pembeni, zinakatana na kundi jingine, na mara nyingi hazichorwi kabisa. Daktari asiyejua hilo anaweza kudhani eneo la mkono liko wazi. Ziko hesabu mpya zaidi zinazoweza kutenganisha njia mbili au tatu ndani ya vokseli moja, na zinapopatikana mimi nazipendelea, lakini zinahitaji mielekeo mingi zaidi na muda mrefu zaidi ndani ya mashine.

Tatu, picha inaweza pia kuchora njia isiyokuwepo. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio kubwa ambamo vikundi 20 vya watafiti vilipewa data ya ubongo wa kutengenezwa, ambao njia zake za kweli zilikuwa zinajulikana. Mbinu zao nyingi ziliweza kugundua sehemu kubwa ya njia za kweli. Lakini zilichora pia njia za uongo, na za uongo zilikuwa nyingi kuliko za kweli.

Na nne, anayechora ni binadamu. Anachagua aanzie wapi, aishie namba ikishuka kiasi gani, apinde kona kali kiasi gani. Data moja ikipewa watu wawili huweza kutoa picha mbili zisizofanana. Ndiyo maana naamini kuwa mtu anayechora lazima ajue vizuri jinsi ubongo ulivyopangwa, asitegemee kubofya kitufe.

Kama inakosea hivyo, ina maana gani kuipiga?

Kwa sababu ikitumika vizuri inasaidia, na ushahidi upo. Jinsong Wu na wenzake wa hospitali ya Huashan, Shanghai, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 238 wenye glioma zilizo karibu na njia ya mwendo. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipasuliwa kwa kuongozwa na picha za DTI, nusu kwa picha za kawaida. Waliozidi kulegea baada ya upasuaji walikuwa asilimia 15.3 kwenye kundi la DTI, na asilimia 32.8 kwenye kundi la pili. Kwa wenye glioma kali, uvimbe uliondolewa kikamilifu zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani.

Huo ni utafiti wa hospitali moja, yenye vifaa na uzoefu. Hata hivyo namba hizo zimenifanya nisiwe na haraka hata siku moja ninapopiga DTI. Mgonjwa akitikisika, narudia.

Daktari anaitumiaje siku ya upasuaji?

Picha inaingizwa kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji, inaoanishwa na kichwa cha mgonjwa, na daktari akigusa mahali kwa kijiti maalumu anaona kwenye kioo yuko umbali gani na njia. Inamsaidia kuchagua aingilie upande gani na wapi aanze kuwa mwangalifu.

Tatizo ni kwamba ubongo hausubiri. Fuvu likifunguliwa na uvimbe ukianza kutoka, ubongo unahama. Christopher Nimsky na wenzake nchini Ujerumani walipiga DTI katikati ya upasuaji wakakuta njia kubwa zimesogea, nyingine hadi milimita 15. Ramani ya asubuhi inakuwa imepitwa na wakati mchana. Hospitali chache duniani zina MRI ndani ya chumba cha upasuaji. Zilizobaki zinahitaji njia nyingine ya kuhakikisha.

Njia hiyo ni umeme mdogo. Daktari anagusa tishu kwa ncha yenye mkondo hafifu. Kidole kikicheza, au mgonjwa akikwama katikati ya neno, hapo hapakatwi. Wilder Penfield alifanya hivi huko Montreal, Kanada, tangu miaka ya 1930, na Hugues Duffau wa Montpellier, Ufaransa, ameiendeleza mpaka kwenye njia za ndani kabisa. Kipimo cha umeme ndicho kinachoaminiwa pale DTI inapotofautiana nacho.

Eti mgonjwa anaachwa macho, anaongea huku kichwa kiko wazi?

Kwa uvimbe ulio karibu na njia ya lugha, ndiyo, inawezekana. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ngozi na tishu za juu hupigwa ganzi, na mgonjwa hulazwa kwa dawa mwanzoni na mwishoni. Katikati anaamshwa, anaonyeshwa picha, anataja: kuku, kiti, mwavuli.

Hapa nina ombi kwa familia za kwetu. Mwambieni daktari mgonjwa anaongea lugha zipi nyumbani. Mtu aliyekulia Kisukuma, akasoma kwa Kiswahili na kufanya kazi kwa Kiingereza, apimwe kwa lugha zote anazozihitaji maishani. Lugha mbili za mtu mmoja huweza kuguswa mahali tofauti kidogo. Ingekuwa huzuni kubwa bibi abaki na Kiswahili cha hospitalini apoteze lugha anayoongea na wajukuu.

Kwetu hakuna DTI. Tuuze shamba tumpeleke India?

Msikimbilie huko kabla ya kuuliza swali moja: uvimbe uko karibu na njia gani? Meninjioma iliyo juu juu, mbali na eneo la mwendo, hupasuliwa salama bila DTI kila siku, Muhimbili na Kenyatta zikiwemo. Madaktari walikuwa wanaondoa uvimbe kwenye ubongo miongo mingi kabla ya 1994.

Pale DTI inapohitajika kweli, jambo la kuulizia ni nguvu ya sumaku ya mashine, inayopimwa kwa Tesla. Inayofaa ni ya Tesla 1.5 au 3. Mashine ndogo za wazi, zenye nguvu chini ya hapo sana, hazitoi DTI ya kutegemewa. Pia si lazima anayepiga awe ndiye anayechora. Data ikichukuliwa vizuri, inaweza kuchorwa kwingine kwa programu za bure kama 3D Slicer au MRtrix, na mtaalamu aliye mji mwingine akaifanyia kazi bila mgonjwa kupanda basi.

Inauma? Inachukua muda gani?

Haiumi, na haina mionzi. DTI yenyewe ni kama dakika 5 hadi 15, juu ya muda wa MRI ya kawaida. Kelele ni kubwa. Tunakupa vizibo vya masikio. Kitanda hutikisika kidogo, usishtuke. Watoto wadogo hupewa dawa ya usingizi, kwa hiyo fuateni maelekezo ya kutokula.

Tuvue nini kabla ya kuingia?

Chuma chote. Pini za hijabu na za kitenge, sidiria zenye vyuma, hirizi yenye kifuniko cha bati, hereni, meno ya kuvaa, wigi na nywele za kushonea zenye klipu. Sema kama una betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, au risasi ya zamani mwilini.

Na mafundi, niwasihi. Nilimuuliza fundi mmoja wa kuchomelea kama aliwahi kuingiwa na chuma jichoni. Akasema hapana, kwa haraka, kama wote wanavyosema. Nikamuuliza tena taratibu, kuhusu gurudumu la kusagia. Akanyamaza, kisha akasema kuna siku, miaka mingi nyuma, jicho liliwasha wiki nzima likapona lenyewe. Tulimpiga eksirei ya macho kwanza. Kipande kilikuwepo, kidogo kama chembe ya chumvi. Sumaku ile ingekivuta ndani ya jicho.

DTI itatuambia kama ni saratani?

Haitasema. Aina ya uvimbe na daraja lake, la 1 mpaka la 4, hujulikana kwa kupima kipande chake maabara.

Anatumia dawa ya kupunguza maji kichwani. Aache kabla ya kipimo?

Asiache. Deksamethasoni haikatizwi kienyeji. Kuiacha ghafla kuna hatari. Isitoshe, maji yakipungua, DTI nayo husomeka vizuri zaidi.

Tupewe nini tukitoka?

Ombeni CD yenye data kamili, pamoja na ile ghafi ya DTI. Karatasi za filamu na picha za rangi zilizochapishwa hazitoshi; daktari hawezi kuziingiza kwenye kompyuta ya upasuaji. Jaribuni CD hiyo kwenye kompyuta ya mapokezi kabla hamjaondoka, muone kama inafunguka na kama jina ni la mgonjwa wenu. Nakala moja ibaki nyumbani. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa atapigwa tena, na atakayezisoma picha mpya atauliza kwanza za zamani ziko wapi.